Ngozi ya Mama Mkwe

Kwa desturi za kwetu, mimi sikutakiwa hata kujua kwamba mama mkwe wangu ana matiti. Najua maneno hayo yanachekesha, na mtu aliyekulia mjini anaweza kudhani natia chumvi. Sitii. Huku kwetu Kyerwa mkwe wa kiume na mama wa mkewe wanakwepana. Tukikutana njiani yeye huvuta kanga mpaka usoni, na mimi naingia kwenye migomba mpaka apite. Tunasalimiana, ndiyo. Mimi nasema shikamoo nikiwa nimetazama mbuni mmoja wa kahawa, naye anaitikia akiwa ametazama mwingine. Hatupeani mikono na hatuli pamoja. Vijana wengi siku hizi hawajali tena mambo hayo, na sisemi wanakosea. Lakini yeye ni mtu wa zamani. Nilimkuta hivyo nikafuata.

Sasa naandika habari za titi lake. Nimejiuliza mara nyingi kama nina haki hiyo. Mke wangu amesema andika, hutaji jina la mtu, haitadhuru. Mwenyewe mama sijamuuliza. Nianzie wapi kumuuliza? Na mimi shule yangu iliishia la saba, kwa hiyo mambo ya hospitali nayaeleza kama nilivyoyasikia. Nikikosea, kosa ni la masikio yangu, si la waliosema.

Ilianza mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa mwisho. Mama yake alitoka Kaisho akaja kwetu Kamuli kumwangalia uzazi, kama ilivyo ada. Alipika, alifua, alipalilia maharage nyuma ya nyumba kana kwamba hakuna mtu mwingine mwenye mikono. Lakini mke wangu akaona kitu. Mama alikuwa anambeba mtoto upande wa kulia tu. Akipewa kwa kushoto anamhamisha haraka, kama mtu aliyeshika mfuniko wa sufuria bila kitambaa.

"Mama, kwapa lina nini?"

"Halina kitu."

"Basi mbebe huku."

Akambeba huku. Mtoto akarusha teke, kama watoto wanavyorusha. Mke wangu anasema uso wa mama yake haukubadilika, ila jasho lilitoka juu ya mdomo. Wanawake wa rika lake hawalii. Mke wangu alipokuwa anazaa mtoto wetu wa kwanza akapiga kelele, mama yake alimwambia kesho yake kwamba ameitangazia nchi nzima kuwa hakulelewa.

Siku hiyo mke wangu alimbana mpaka akafungua nguo. Aliyoyaona alinieleza mimi chumbani kwa sauti ya chini, na hata kwake yeye ilikuwa shida kuyasema kwangu. Ulikuwa uvimbe mgumu, mkubwa kama harage lililolowekwa likavimba, tena juu kabisa, chini ya ngozi tu. Mama ni mtu mwembamba. Ngozi yenyewe pale juu ilikuwa imevutika inang'aa.

"Atakwenda hospitali?" nikauliza.

"Amekataa."

Sababu yake tuliijua wote. Mdogo wake, aliyeolewa Kituntu, alikufa kwa ugonjwa wa titi, na alikufa na kidonda. Mimi sikuingia chumbani kwake. Nilisaidia kuchimba kaburi, na hata uani, penye upepo, harufu ilitufikia. Wengine pale walisema kidonda kilianza baada ya mganga kumchanja. Wengine wakasema ni sindano ya hospitali. Wengine, kwamba kilifunguka chenyewe tu. Sikuwepo kilipoanza, kwa hiyo siwezi kumsingizia yeyote. Lakini mama mkwe wangu alitoka kwenye msiba ule na imani moja: ngozi ndiyo mfuniko. Ugonjwa ukiwa chini ya mfuniko mtu anaweza kuishi nao miaka. Ukifunguliwa, umekwisha.

Walibishana siku nyingi, mtu na mamaye. Mwishowe akakubali kwa sharti. Apigwe picha, apimwe wanavyotaka, lakini asirudi na kidonda. "Nikirudi na kidonda," alimwambia binti yake, "msiniambie tena habari za hospitali mpaka mnizike."

Nani ampeleke? Baba mkwe alishafariki. Wanawe wa kiume mmoja yuko machimboni Geita, mwingine alivuka ziwa zamani na simu yake haipatikani. Mke wangu alikuwa bado hajatoka uzazi. Nikabaki mimi. Alipakiwa kwenye pikipiki ya kijana wa kijiweni, mimi nikafuata nyuma na yangu nikimeza vumbi lake mpaka upande wa Karagwe, kwa sababu mgongoni kwangu asingepanda.

Kwenye benchi la kusubiri walikuwa wanawake tu. Mmoja, mfanyabiashara wa vitenge mwenyeji wa Bukoba, alinitazama toka viatu mpaka kofia.

"Baba, na wewe unapimwa?"

"Nimemleta mama."

"Mama yako yule anayeangalia ukuta?"

"Mama mkwe."

Benchi zima likanigeukia. Halafu yule wa vitenge akapiga paja. "Yesu wangu! Na utaingia naye humo?"

"Siingii."

"Utaingia tu. Yule nesi anayejua Kihaya leo yuko wodi ya wazazi. Waliobaki wote wa mbali. Mimi mwenyewe ningemsaidia, lakini zamu yangu ya chumba kile kingine imefika." Akainuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Pole, baba. Kweli pole."

Na ikawa hivyo. Picha ya kwanza walipiga bila kuhitaji maneno. Kisha wakasema kinatakiwa kinyama kidogo cha kupeleka kupimwa, na kwamba daktari atakitoa kwa sindano huku akiangalia kwenye mashine. Mama anajua Kiswahili cha sokoni tu, cha bei na salamu. Nikaitwa. Niliwekewa kiti nyuma ya pazia la kijani, nikakigeuza kikatazama ukuta, ingawa pazia lilikuwa zito.

Daktari alikuwa kijana wa pwani, mpole. Nesi wake alitoka Singida. Nasema hivi mapema kwa sababu ya yaliyofuata: mpaka leo sijamwona daktari aliyeeleza mambo kwa uvumilivu kama yule.

"Mwambie bibi hivi," alisema. "Uvimbe wake uko juu juu, unakaribia kugusa ngozi, na ngozi yenyewe ni nyembamba, ya utu uzima. Sindano hii ikifyatuka inaruka mbele kidogo. Nikiielekeza vibaya inaweza kutokea kwenye ngozi upande wa pili, au ikang'ata ngozi pamoja na nyama. Kwa hiyo kwanza nitaweka ganzi na maji katikati, ngozi inyanyuke iachane na uvimbe. Halafu sindano nitailaza, haitasimama. Na mdomo wake utaangalia chini."

Nikatafsiri hayo. Kwa Kinyambo, lugha yetu iliyo ndugu wa Kihaya, titi ni ibeere. Nilijaribu kulizunguka, nikasema kifua, nikasema pale penye ugonjwa, lakini daktari aliendelea na mambo ya upande wa juu na upande wa chini, na sikuwa na njia. Nikalitamka. Nyuma ya pazia kitanda kililia kidogo, kama mtu amejikunja.

"Amesemaje?" daktari akauliza.

"Bado."

Halafu sauti ya mama ikaja, kavu, kwa Kinyambo. Alisema ameelewa. Ni kama kumenya ndizi mbichi: kisu kikisimama unakula nyama ya ndizi, kikilala unatoa ganda peke yake.

Nilipotafsiri daktari alicheka. "Kabisa, bibi! Ila mimi nataka nyama, ganda ndilo nikuachie."

Hata mama alicheka, nilimsikia, pumzi mbili za puani. Nilifurahi. Nilidhani lile gumu limepita.

"Sasa hili ni muhimu," daktari akasema. "Yale maji hayakai sana, mwili unayanywa. Na ganzi haifiki kila mahali sawasawa. Akisikia kuchoma kwenye ngozi, hata kidogo, aseme papo hapo. Mashine inanionyesha mengi lakini haisikii maumivu. Hapo mimi namtegemea yeye."

Nikatafsiri neno kwa neno. Hili nina uhakika nalo kuliko yote, kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi sana. Nilimwambia aseme. Alijibu, "Haya."

Walianza. Daktari alimwonya kuhusu mlio, nami nikamwonya. Ulikuwa mlio mfupi mkavu, ta, kama wa ile mashine ya kubania karatasi shuleni. "Bibi, unasikia maumivu?" Nikauliza. Hapana. Ta. "Unasikia maumivu?" Hapana, aendelee. Daktari akamwambia nesi kinyama hiki kimekatika, chembamba sana, tupate kingine kizuri. "Bibi, hapa je? Panachoma?" Nikauliza.

"Hapana."

Ta.

"Daktari, ngozi," nesi akasema.

Hakupiga kelele nesi. Alisema taratibu kabisa, na ndiyo maana nywele zilinisimama. Daktari akasema basi, tunaishia hapa, bonyeza, lete pamba, bonyeza hapo. Kisha akasema, "Bibi, hukusikia?" Nami nikamuuliza, nikiwa bado natazama ukuta. Nilichosikia ni mkasi ukiwekwa kwenye sahani ya chuma.

Baadaye daktari alitoka akanivuta pembeni ya korido. Ncha imetokea kwenye ngozi upande wa pili, alisema, na ilipotoka imeichana kidogo. Ameishona. "Titi lina mviringo, na yeye ni mwembamba, nafasi ilikuwa ndogo. Maji yalishapungua na mimi sikuongeza. Usimwambie ni bahati mbaya. Mwambie daktari amekosea."

"Lakini ulimuuliza, akasema hapana."

"Nilimuuliza. Lakini macho yalikuwa yangu."

Nimekutana na watu wakubwa wachache sana waliosema hivyo, na sikujua kama alikuwa anasema ukweli wote au ananipa kitu cha kubeba nyumbani.

Tulirudi. Walikuwa wamembandika plasta kubwa, wakasema asiiguse kwa muda, kisha itolewe taratibu kwa maji. Siku ya kuitoa, mke wangu alilowesha kwa maji ya uvuguvugu kama alivyoagizwa, akavuta polepole, na ngozi ikaja na plasta. Alisema ilivyokuja ni kama utando wa juu wa maziwa yaliyopoa. Kwa hiyo kidonda kilichokuwa mshono mmoja kikawa na uwanja. Na sasa nani wa kulaumiwa kwa hilo? Plasta? Aliyebandika? Mke wangu aliyevuta? Mimi nilisimama nje nikisikia maji yakimwagika kwenye karai, na niliposikia mke wangu anaanza kulia, nikajua.

Mama mkwe hakulia. Alimwambia tu, "Umeona."

Jirani mmoja alikuja na majani aliyoyapasha kwenye jivu, akitaka kumkanda pale. Mke wangu alimzuia mlangoni. Wakarushiana maneno.

"Hospitali yako imemchana, mimi nitamfanya nini zaidi?"

"Utamuunguza, ndicho utakachofanya. Rudi na majani yako, dada."

"Haya. Akioza mniite."

Ni mwanamke mwema yule, niseme ukweli. Alikaa na wagonjwa wengi kijijini hapa bila kuombwa. Lakini neno lile lilibaki ndani ya nyumba kama moshi.

Kisha shemeji yangu wa Geita akapiga simu. "Shemeji, wewe ulimpeleka mama akapimwe au akachinjwe?"

"Njoo umpeleke wewe basi."

"Mimi niko shimoni!"

"Basi usinipigie kutoka shimoni."

Nilikata simu, halafu nikaona nimemkosea, kwa sababu shimoni kweli ni shimoni. Nikampigia tena. Hakupokea.

Jioni moja mke wangu alikaa na mama yake jikoni wakimenya ndizi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta natengeneza mpini wa jembe, nao walijua niko pale, au labda walisahau. Aliuliza moja kwa moja.

"Mama, ile sindano ya mwisho, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulisikiaje?"

"Kama siafu. Kwanza siafu mmoja, halafu wengi."

"Na kwa nini ulisema hapana?"

Kisu kiliendelea kumenya. "Mumeo alikuwa pale."

"Alikuwa nyuma ya pazia, mama!"

"Pazia linaziba masikio? Niseme uchi wangu unaniuma, mkwe wangu ndiye anitafsirie?"

Nilishika ule mpini muda mrefu. Nilijaribu kutafuta mahali ambapo ningefanya tofauti. Ningekataa kuingia? Angepimwaje bila maneno? Ningesubiri mke wangu atoke uzazi? Labda. Lakini wakati ule tulikuwa tunaambiwa msichelewe. Ningetafuta mwanamke yeyote wa benchi amtafsirie? Hilo linanirudia. Benchi lilikuwa limejaa wanawake wanaojua Kihaya, na Kihaya na Kinyambo vinasikilizana. Sikuliwaza, na daktari hakuliwaza, na mama mwenyewe hakulisema. Sijui kama ni kosa au ni ujinga tu, na sijui kama kuna tofauti.

Hospitali wakapiga simu. Kinyama hakitoshi. Kile kizuri walichokuwa wanakitafuta ndicho kilichoishia kwenye ngozi, na vile vya kwanza vilikuwa vyembamba mno, vimepimwa na havikusema kitu. Kidonda kikishapona, arudi.

Kwa hiyo alikuwa na kidonda, na jibu hakuna. Na sharti lake tulilijua wote.

Kidonda kilichukua muda mrefu. Mke wangu alikiosha kwa maji ya chumvi kama alivyofundishwa zahanati, akakifunika kwa kitambaa cha kufunga kuzunguka kifua, bila gundi. Kila asubuhi nilimwangalia usoni akitoka chumbani kwa mama yake, kama mtu anayeangalia mawingu. Taratibu kikakauka pembeni, kikasogea kati. Lile harage lenyewe halikukauka. Mke wangu alisema sasa limekuwa kama mbegu ya parachichi.

Siku ngozi ilipofunga kabisa, mama alikaa kibarazani akajipapasa juu ya nguo kwa muda. Kisha akasema, kwa binti yake, lakini kwa sauti ya kunifikia mimi niliyekuwa shambani kwenye kahawa: "Yule mdogo wangu, chake hakikufunga."

Mke wangu alikuwa mwerevu, hakumrukia. Alisubiri mpaka siku ya pili ndipo akamwambia, "Mama, nikienda mimi na wewe, yeye akibaki nje?"

"Mbali?"

"Getini kama unataka."

"Si lazima getini."

"Lakini utasema ikiuma."

"Sijui kupiga kelele. Sikufundishwa."

"Nitakufundisha." Na mke wangu akamfinya mkono.

"Wewe!"

"Siyo 'wewe', mama. Lia." Akamfinya tena.

"Mtoto hana adabu huyu!"

"Lia, mama!"

Nilisikia vicheko viwili, cha mzee na cha kijana, vinavyofanana mpaka sikujua kipi cha nani. Hiyo ndiyo mara pekee nyumba yetu ilicheka katika mwezi ule, na naiandika kwa sababu hiyo.

Daktari yule yule aliporudi kwa zamu yake, tulikwenda. Niliachiwa mtoto, nikakaa naye kwenye ukingo wa maua, mbali na mlango, lakini dirisha la chumba kile lilikuwa na vioo vya kufungua na viwili havikuwepo. Niliyoyajua ya ndani nimeyapata kwa mke wangu. Daktari alimtambua bibi. Aliangalia kovu kwanza, akaliomba radhi, anasema mke wangu, kovu lenyewe, kwa kuligusa. Akaamua kuingia upande mwingine kabisa, penye nyama zaidi mbele ya ncha. Aliweka maji mengi kuliko mara ya kwanza, ngozi ikainuka kama mkate, wakaonyeshwa kwenye mashine ile nafasi nyeusi kati ya ngozi na uvimbe. Kila alipotaka kufyatua alisimama, akaangalia nafasi ile kama bado ipo. Alimuuliza bibi, mke wangu akatafsiri.

Nikasikia ta. Mtoto akashtuka mkononi mwangu. Muda ukapita. Ta. Kisha, kabla ya mlio mwingine, ikaja sauti.

"Maawe!"

Ndivyo watu wa kwetu wanavyolia, ee mama yangu. Ilitoka dirishani ikavuka ua. Wanawake wa kwenye benchi waliinuka.

"Nani anauawa humo?"

"Mama mkwe wangu," nikasema, na nadhani nilikuwa natabasamu, kwa sababu walinitazama kama mwendawazimu.

Daktari aliacha hapo hapo. Akaongeza ganzi na maji, akasubiri, akamuuliza, ndipo akaendelea. Mama alilia tena mara nyingine, kwa jambo dogo, mke wangu anasema, kama mtu aliyeonja kitu akataka kurudia. Walipomaliza nesi alibonyeza kwa mkono muda mrefu, wakafunga kitambaa kuzunguka mgongo. Plasta hawakuitumia. Alama iliyobaki ilikuwa kama ya mwiba.

Vinyama vilikuwa vizuri safari hii. Vilikwenda.

Siku ya majibu tulipanga aende mke wangu. Usiku wake mtoto akapata homa, asubuhi ikawa amebanwa kifua. Mke wangu akasimama katikati ya chumba, huku mtoto, huku mama, hajui ageukie wapi. Mama mkwe alikuwa ameshavaa. Alisema, "Kaa na mtoto. Leo hakuna sindano."

Kwa hiyo tulikwenda tena mimi na yeye, na nesi wa Kihaya alikuwepo siku hiyo, nashukuru. Nilimwomba aingie naye, nikabaki mlangoni. Waliingia. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nilisikia daktari anavuta kiti karibu, jambo ambalo hakulifanya siku zile nyingine. Alianza kusema, na nesi akaanza kutafsiri, na mama mkwe akamkatiza.

"Yuko wapi mkwe wangu?"

"Yuko nje, mama."

"Aingie."

Niliingia nikatazama sakafu. Alisema, "Baba, nitazame." Sikuweza. "Nitazame, nimesema. Watu wote wa benchi wamenisikia nikilia kama mbuzi. Wewe nikufiche nini tena? Mwanangu hayupo. Maneno haya nataka niyasikie kwa mtu wa nyumbani."

Nikamtazama. Ana macho kama ya mke wangu, sikuwahi kujua.

Daktari akasema ni saratani. Nikasema. Akasema imeanza kuingia kwapani. Nikasema. Akasema inafaa titi liondolewe lote, na baada ya hapo dawa, yote mawili ng'ambo ya ziwa, na kwamba hawezi kuahidi. Nilisema yote, sikupunguza, na ile ya kutoahidi nilitaka sana kuipunguza.

"Muulize kidonda," alisema. "Wakikata, kitafunga?"

Daktari akajibu kwamba watatoa na ngozi iliyo juu ya uvimbe na kuunganisha ile nzima iliyobaki, na kwa kuwa ngozi yake sasa ni nzima ana matumaini itashika. Lakini wasipokata, uvimbe utaifungua wenyewe. Ulishakuwa njiani.

Nilitafsiri. Alikaa, mikono magotini. Nesi alitaka kumshika bega, akaacha.

"Nikikatwa naweza kufa?"

"Anasema ndiyo."

"Nisipokatwa?"

"Anasema ndiyo, mama. Na kwa kidonda."

Akafikiri. Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda cha magurudumu kwenye sakafu mbovu, kikapita mlangoni na kwenda zake.

"Basi mwambie achague lile lenye ganzi."

Nikamwambia daktari. Aliniuliza kama bibi anatania. Nilimwambia sijui. Daktari akainama kuandika, na mama mkwe akabaki ananitazama, wala hakucheka.

Anakatwa wiki ijayo. Mke wangu ndiye atakayevuka naye ziwa, mtoto amepona. Mimi nabaki na nyumba, na ndizi zinazotakiwa kumenywa. Jana mama mkwe aliniagiza mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, kwamba nisiache magugu yaingie kwenye maharage yake. Nikasema sawa, mama. Sikuongeza kitu, na tangu jana natafuta nilichotakiwa kuongeza.